Kilo za Mbuzi Aliye Hai

Mtaa mzima ulimwita Bucha, na hata alipoiacha bucha jina halikumwacha. Alichinja kwa miaka kumi na sita, mpaka asubuhi moja mkono ukagoma. Mbuzi alimtazama, naye akamtazama, kisha akakilaza kisu juu ya meza. Kesho yake ikawa vilevile.

"Mkono ndio umegoma, au ni wewe?" mkewe alimuuliza.

"Sote wawili."

Mkewe alidhani angetafuta kazi ya ulinzi. Lakini Bucha alikwenda kwa daktari wa mifugo, kuomba kazi ya kushika wanyama wanapotibiwa. Daktari, mama asiyependa maneno mengi, alimpima kwa macho kuanzia utosini hadi miguuni.

"Nitakujaribu mwezi mmoja. Wateja wakikukimbia, sitakuwa na la kufanya."

Siku ya nne akaingia jirani yake, Mama Pacha, akimvuta mbuzi jike aliyekonda, manyoya yamemsimama. Alipomwona Bucha ndani ya koti jeupe, miguu ikamganda mlangoni.

"Shemeji, nimekosea mlango? Mimi nimekuja kwa daktari."

"Ni hapahapa, shemeji. Karibu."

"Mbona hilo koti halina damu? Halikukai kabisa."

Daktari alimkagua mbuzi, akasema ni minyoo. Dawa yake hupimwa kufuatana na uzito wa mnyama, na mizani ilikuwa imeharibika tangu juzi.

"Bucha, unamkadiria kilo ngapi?" aliuliza huku akiandika.

Hapo Bucha akajiona mtu. Alipitisha mikono chini ya tumbo la mbuzi, akamnyanyua, akamshusha. "Kumi na tano."

Kwenye kilo hakuwahi kukosea. Daktari akavuta dawa ya kilo kumi na tano, mbuzi akanyweshwa, wakaagana vizuri.

Siku tatu baadaye Mama Pacha alirudi akisukuma toroli. Mbuzi alikuwa amelala ndani yake, hawezi hata kusimama.

"Dawa yenu ni maji matupu!"

Daktari aliigeuzageuza chupa, akasoma tarehe. "Labda imeharibika," alisema taratibu. "Itabidi nilitupe boksi zima."

Bucha alikuwa ameinama kumtoa mbuzi torolini. Mkono mmoja ulikuwa chini ya tumbo, mwingine shingoni, na papo hapo akajua kosa liko wapi. Akijinyamazia tu, lawama itabebwa na chupa, naye atabaki na kazi. Akalikumbuka koti lake, mkewe alivyolipiga pasi asubuhi ile.

"Daktari, si dawa. Ni mimi. Nilikupa kilo za nyama."

"Za nyama vipi?"

"Nyama tupu. Nilishatoa kichwa, ngozi, kwato na matumbo. Wala sikujua kama nimetoa. Mikono imezoea."

Mama Pacha akamkodolea macho. "Yaani mbuzi wangu amesimama hapa anapumua, wewe umeshamchuna?"

"Nisamehe, shemeji."

"Umemchuna na kumtundika!" Alianza kwa hasira, lakini kicheko kikamponyoka katikati, kisha akajifuta macho kwa kiganja. "Wanangu wanakunywa maziwa ya huyu, shemeji. Sina mwingine."



"Na mimi niliandika bila kuinua macho," daktari alisema. "Kilo kumi na tano, mbuzi mzima hivi! Haya, mpime tena."

Bucha akamnyanyua. Safari hii hakuwa na haraka ya kumshusha. Alimkumbatia kifuani, kichwa cha mbuzi kikamlalia begani, pumzi ya moto ikampiga shingoni, na moyo wake mdogo ukawa unagonga kwenye mbavu za Bucha. Hayo yote hakuwahi kuyatia kwenye hesabu.

"Thelathini," alisema. "Na moja."

Daktari akavuta dawa upya, kisha badala ya kumnywesha mwenyewe, akampa Bucha bomba la dawa. "Taratibu, pembeni mwa mdomo. Na kesho uwahi, tuna ng'ombe."

Wiki iliyofuata mbuzi alikuja kwa miguu yake, analia tangu barabarani. Mizani ilikuwa imeshatengenezwa, lakini Mama Pacha aliipita kama haioni.

"Shemeji, mnyanyue wewe. Ngapi?"

Bucha akamnyanyua, mbuzi akampigia ukelele sikioni.

"Thelathini na tatu," alisema, "pamoja na kelele zake."