Siku Arlys Alipomwondoa Jenerali Mnadani

Siku tatu kabla ya mnada wetu wa mafahali, mke wangu Arlys alikuja zizini na karatasi mkononi, uso umemshuka. Akasimama mbele ya Jenerali, fahali wetu wa miaka miwili, mweusi tii, mgongo umenyooka kama meza. Picha yake ndiyo iliyokuwa kwenye jalada la kitabu cha mnada, na watu walikuwa wakimuulizia kwa simu kutoka kila pembe ya jimbo la Nebraska.

"Verlin, huyu hauzwi," akaniambia.

Nilidhani ananitania. "Hauzwi vipi? Anaumwa?"

"Haumwi. Ila watoto wake wameshazaliwa."

Kiangazi kilichopita tulikuwa tumempandisha kwa mitamba wetu ishirini, ng'ombe wachanga ambao hawajawahi kuzaa. Ndama walizaliwa kuanzia Februari, na Arlys akawapima mmoja mmoja kabla hawajamaliza siku, kama afanyavyo tangu tuoane. Theluji ianguke, upepo uvume, ng'ombe awe mkali namna gani, yeye ataingia na mizani yake. Huandika hata ndama waliokufa. Vipimo huvipeleka kwenye chama cha wafugaji, nao huvilinganisha na vya ukoo mzima, kisha humrudishia namba zinazoonyesha kila fahali anatarajiwa kuwarithisha watoto wake nini: uzito wa kuzaliwa, ukuaji, maziwa ya mabinti.

Namba za kwanza za Jenerali zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa makadirio tu yaliyotokana na wazazi wake. Sasa watoto wake walikuwa na lao la kusema. Walikuwa wazito kuliko ndama wa mafahali wengine waliozaliwa kwenye malisho yale yale. Sita walikwama wakati wa kuzaliwa tukawavuta kwa minyororo, na mtamba mmoja tulimpoteza.

"Basi tumuuze kwa mtu mwenye ng'ombe waliokwisha kuzaa," nikasema. "Hao watammudu."

"Kitabu tumeshakichapisha, kinasema anafaa mitamba. Wote wanaopiga simu wanamtaka kwa mitamba. Wewe ungerudi kununua kwetu, baada ya kuchimba shimo la kumzikia mtamba wako?"

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mimi ndiye niliyemlisha yule fahali na kumchana manyoya. Lakini nilijua nimeshindwa tangu neno la kwanza.

Siku ya mnada kaka yangu Leland alifika wa kwanza, akachukua mkate wa nyama kila mkono, akaenda moja kwa moja zizini. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza mitamba watano kwenye uzazi. Alimtaka Jenerali, na alikuwa ameshamtangazia kila mtu.

Kabla dalali hajaanza, Arlys alichukua kipaza sauti. Akawasomea watu namba mpya za Jenerali, akawaambia ndama sita walivutwa na mtamba amekufa, akaomba radhi kwa yaliyoandikwa kitabuni. "Nimemtoa mnadani," akamaliza. "Anayetaka kuziona karatasi, zipo hapa."

Nyuma kabisa ya ukumbi mtu akacheka, wawili wakachukua kofia zao wakaondoka. Leland akaja mbio, masharubu yana haradali.

"Shemeji, umenikomoa! Nimeendesha gari kwa saa mbili nije kuambiwa hivi?"

"Nimekuokoa, shemeji. Njoo nikuonyeshe fahali namba themanini na saba."

Akampeleka kwenye zizi la mwisho, alikosimama fahali mwenye uso mrefu na makalio ya kawaida tu. Leland akamzunguka mara mbili.

"Huyu? Huyu ana uso kama koleo!"

"Unawatafutia mitamba mume, au unatafuta wa kupiga naye picha?"

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Arlys hakucheka. Akaikunjua karatasi juu ya ubao wa zizi, akaweka kidole chake kwenye mstari mmoja baada ya mwingine. "Baba yake ana watoto mia nne waliopimwa. Wanazaliwa wadogo, halafu wanakua haraka. Huyu mwenyewe bado hana mtoto, kwa hiyo sikuapii. Maziwa ya mabinti zake yatakuwa ya wastani, usije kunilaumu. Lakini kwa shida yako wewe, ningemchukua huyu."

Leland alijikuna shingo kwa muda mrefu. Dalali alipomwita themanini na saba, aliinua mkono, akauinua tena, mpaka akabaki peke yake.

Majira ya baridi yaliyofuata hatukumwona. Mwishoni mwa Machi gari lake likaingia uani mchana. Alishuka hajanyoa, akampita Arlys mlangoni, akakaa mezani.

"Mitamba arobaini na watatu," akasema. "Nimevuta ndama mmoja, naye alikuja kinyumenyume, si kosa la fahali. Sikuzika hata mtamba mmoja. Shemeji, mke wangu ananiuliza mbona siku hizi nalala usiku kucha."

Arlys alimmiminia kahawa. "Ndama umewapima?"

"Nimewapima wote. Hata yule aliyenipiga teke."

Akatoa daftari lililochafuka matope. Arlys akalivuta kwake, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, na kaka yangu, aliyewahi kuniambia kwamba nimeoa karani, akawa anamjibu, "Ndiyo, mama," kila baada ya mstari. Mimi nilisimama pale kando ya jiko, nikawaacha waendelee.