Kompyuta Isiyoijua Bungoma

Kimaiyo wa Saboti alikuwa na akili zake timamu mpaka umtajie gari lake. Hapo akili ziliaga zikaondoka. Lilikuwa Corolla kuukuu ya kijani, aliyoitoa injini ya zamani akaitia nyingine kali, yenye midomo minne ya kuvutia hewa. Sasa ilibaki kitu kimoja tu: kompyuta ya kuiendesha injini hiyo, maana ile ya kiwandani haikuielewa kabisa.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Alikuwa amemchumbia Nasike wa Bungoma, na mazungumzo yote yalikwenda vizuri, ila baba mkwe, Mzee Wabwile, alikuwa na sharti lake. Huyo alikuwa dereva mstaafu wa malori, na Nasike alisema hajawahi kumwona babake akisinzia ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Kimaiyo alitaka bibi harusi atoke kwao ndani ya Corolla. Mzee alitaka kwanza apande yeye.

"Simpatii mtu mtoto wangu kabla sijaona vile anaendesha," alisema. "Nikishuka, ndio nitajua kama kuna tarehe ama hakuna."

Basi Kimaiyo akaenda mjini Kitale kwa Ramandeep, aliyerithi duka la vipuri kutoka kwa babake, Baldev, na ambaye ndiye aliyeaminiwa na vijana wote wenye magari ya fujo. Ramandeep aliweka kompyuta mbili juu ya kaunta. Moja ilikuja na kioo cha kupachika mbele ya dereva, kinachowaka rangi zote. Nyingine ilikuwa kijisanduku cheusi chenye kijimrija kidogo ubavuni, hakina hata taa.

"Hii nyeusi inapima hewa yenyewe," Ramandeep alieleza. "Hiyo ya kioo inaangalia tu umekanyaga mafuta kiasi gani na injini inazunguka aje. Lakini nikiipanga vizuri, itafanya kazi. Gari itakuwa inatembea wapi?"

"Hapa hapa tu, dada. Kitale, Saboti, labda Endebess."

"Basi chukua yenye unapenda."

Na Bungoma je? Hilo ndilo kosa la watu wa Kitale, wala tusimcheke Kimaiyo peke yake. Huko Bungoma wanateremka kwa harusi, kwa matanga, kwa viatu vya mtumba, na hakuna anayeihesabu kuwa ni safari. Kimaiyo aliteremka karibu kila Jumapili kumwona Nasike, na hata siku moja hakujiuliza ameteremka kiasi gani. Isitoshe, macho yake yalikuwa yamenasa kwenye kioo. Akachukua cha rangi.

Walilipanga gari asubuhi ya baridi kwenye barabara ya Endebess, Ramandeep akiwa na laptopu mapajani, akiongeza mafuta hapa, akipunguza pale. Injini iliitika vizuri ajabu. Kimaiyo alirudi Saboti akicheka peke yake njia nzima.

Jumamosi akawa Bungoma, akiendesha taratibu ili asilichafue. Mzee Wabwile alitoka amevaa koti, akaketi mbele. Nasike akaingia nyuma. Mama mkwe alichungulia dirishani jikoni, kwa kuwa desturi haikumruhusu kukaribiana na mkwewe, lakini hakuna desturi iliyomkataza kuchungulia.

Walishika barabara ya Webuye. Mzee alitulia, akatazama kioo, akatazama mashamba ya miwa, kisha akasema, "Ongeza." Kimaiyo akaongeza, na Corolla ikavuta hata Nasike akapiga kelele ya furaha. Karibu na Matulo, barabara ilipoanza kupanda, mzee akasema tena, "Ongeza, kijana! Si uliniambia hii ni gari?"

Hapo ndipo Kimaiyo aliposikia mlio mdogo, kama karanga zikitikiswa ndani ya kopo. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa kijani. Lakini fundi anaujua mlio huo: injini inagonga, na ukizidi kukanyaga, pistoni zinatoboka.

"Ongeza bana!"

Alimtaka Nasike kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akaondoa mguu, akalisimamisha gari kando ya barabara.

"Samahani, Baba. Nikiongeza, nitaiua. Sijui ni nini, lakini siwezi."

Walirudi kwa mwendo wa jongoo. Trekta la miwa liliwapita, kisha mtu wa bodaboda akawapita akipaza sauti, "Mzee, shuka usukume!" Kimaiyo alitamani ardhi immeze yeye na kioo chake.

Walipofika, akampigia Ramandeep simu.

"Uko wapi?" Ramandeep aliuliza.

"Bungoma."

"Kimaiyo! Huko chini hewa ni nzito. Inaingia nyingi, na hiyo kompyuta bado inamwaga mafuta kidogo ya Kitale. Si nilikuuliza gari itatembea wapi?"

Kimaiyo akamfuata mzee barazani, kofia mkononi. "Baba, kosa ni langu. Niliulizwa, nikasahau kutaja Bungoma. Nilipenda kioo."

"Ati ulisahau Bungoma, na bibi unatoa hapa?" mzee aliuliza. Nasike akaangua kicheko nyuma ya mlango. Mzee hakucheka. "Hiyo kelele niliisikia kabla yako, kijana. Nilisema ongeza makusudi. Nilitaka kujua kama utaogopa mimi ama utasikiza gari." Akainuka, akajinyoosha. "Tarehe mtapanga na akina mama. Mimi nimemaliza."

Kile kijisanduku cheusi kikafungwa garini, na safari hii Ramandeep aliteremka mwenyewe na laptopu yake, akalipima gari Kitale, akalipima Bungoma, akanywa chai kwa mama Nasike mpaka akashiba. Pale kilipokuwa kioo palibaki tundu, na Nasike akalijaza maua.

Siku ya harusi shangazi walilalamika kwamba kiti cha mbele si cha baba wa bibi harusi. Mzee Wabwile akajifanya hasikii, akaketi. Walipofika Matulo akasema, "Haya, sasa ongeza," na Kimaiyo akaongeza. Gari likapanda likiimba. Mzee akatega sikio kwa muda, akaridhika, akaegemeza kichwa kitini.

Walipopita Kamukuywa, Nasike aliinama kutoka nyuma, akamnong'oneza mumewe asipige honi. Baba alikuwa amelala.