Mtoto Atakayezaliwa Kesho

Telesia alikomea katikati ya ngazi ya ubalozi wa Nyuzilandi. Akaketi palepale, watu wakimpita, miguu imevimba inamwagika viatuni, akivuta pumzi kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

"Tangulia, Baba. Wakikuita usiposikia, watamwita mwingine."

Mzee Pelenato alimtazama midomo, imegeuka zambarau. Daktari wa hapa mjini Apia alishasema kitambo: vali ya moyo imeharibika, na wa kuibadilisha wako Nyuzilandi. Kamati ya kupeleka wagonjwa ng'ambo ilikaa mara mbili, na mara zote mbili jina la Telesia likawekwa kando. Waliokuwa na shemeji kwenye kamati hawakuwekwa kando.

Ndipo redio ikatangaza. Wasamoa wa zamani, waliozaliwa Nyuzilandi ikiitawala Samoa, kisha wakavuliwa uraia wake mwaka themanini na mbili, sasa wangerudishiwa wakiomba. Uraia wa Samoa wangebaki nao. Pelenato alizaliwa mwaka arobaini na saba. Ukoo ukakutana, ukachinja nguruwe, ukakubaliana kwamba baba akipata, watoto wamepata. Nani asiyejua? Baba akivikwa cheo, nyumba nzima imevikwa. Shangazi Sulami akatoa mkeka wake wa heshima, ule aliouweka wa kuzikiwa, ukauzwa kwa nauli ya watu wawili. Kuuza mkeka kama ule ni aibu, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Karani, binti wa Kisamoa aliyekulia Auckland huko Nyuzilandi, alimkabidhi pasipoti kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Hongera, mzee. Umerudi kuwa wetu."

"Asante, mwanangu. Sasa nipe na ya Telesia."

"Telesia ni nani?"

"Binti yangu. Yuko hapo ngazini, moyo unamsumbua. Tunasafiri wote."

"Alizaliwa lini?"

"Sabini na tisa."

Karani akashusha sauti. "Sheria inawarudishia waliozaliwa kabla ya arobaini na tisa tu, mzee. Watoto wao haiwagusi."

"Alipozaliwa nilikuwa raia wenu. Mlikuwa hamjaninyang'anya bado."

"Najua."

"Basi futeni wangu mumpe yeye. Mimi siumwi kitu."

"Hauhamishwi. Anaweza kuomba viza ya matibabu, ila lazima aonyeshe pesa za upasuaji."

"Tungekuwa nazo, mimi ningefuata nini hapa?"

Pelenato akaigeuza ile pasipoti mkononi.

"Kwa hiyo siwezi kumrithisha mwanangu yeyote?"

"Unaweza. Watakaozaliwa kuanzia sasa."

Alidhani anataniwa. "Nina miaka sabini na saba, binti. Mama yao nimemzika."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee. Ukipata mtoto kesho, huyo ni raia."

"Mzee, rudi ukaoe," mtu akasema kwenye foleni, na watu wakaangua kicheko. Pelenato akacheka nao, maana mtu mzima hagombi kwenye ofisi ya watu.

Nje, akaketi karibu na binti yake.

"Wametupa?" Telesia akauliza.

Alifungua mdomo aseme kweli. Akaiona ile zambarau midomoni mwa binti yake.

"Wametupa."

Telesia akacheka mpaka pumzi ikamkatika, akashika goti la baba yake, akangoja imrudie. Kisha akatoa simu, akampigia kaka yake Mikaele. "Mwambie shangazi mkeka wake haukwenda bure. Mwambie nitamletea blanketi la sufu." Akakata. "Baba, tupande ndege ya mchana. Nataka nione chini."

"Tutapanda ya mchana."

Mlango ukafunguka juu yao. Alikuwa mkuu wa ofisi, kamera shingoni, uso umejaa tabasamu.

"Mzee Pelenato, rudi kidogo. Tunawapiga picha waliorudishiwa, tuibandike ukumbini. Familia yako kama ipo, njoo nayo."

Telesia alikwisha kushika reli ya ngazi, anajiinua, mkono mwingine ukitengeneza nywele.