Siku Mbili za Kutafuta Gama

...lakini siku mbili si nyingi, Njoki anajiambia, akichagua majani magumu ya chai kutoka kwenye rundo lililotandazwa mezani, siku mbili tu aliomba, mbona lori la kiwanda limechelewa masaa matatu na hapa kwenye kituo cha kupimia chai hakuna aliyelalamika, wanawake wa Othaya wamekalia magunia yao wanapiga soga, na Mama yuko upande wa pili wa meza, anachambua bila kuinua macho... siku mbili, maana tahadhari iliingia Jumanne kule Ujerumani zamu ikiwa yake, nyutrino moja imegonga barafu ya Ncha ya Kusini kwa nguvu ambayo hakuna mtambo wa binadamu unaoweza kuitoa, moja tu, chembe isiyo na chaji, imepita nyota, imepita vumbi, haikupinda popote tangu ilikozaliwa, na kazi ya Njoki ilikuwa kukagua upande ule wa anga katika data za setilaiti, kama kuna miale ya gama iliyowaka wakati uleule, kwa sababu ukipata gama umepata chanzo, unaweza kunyoosha kidole ukasema imetoka pale... ndipo kaka yake, Gathogo, akapiga simu, ati Baba amelazwa, sukari imempanda, anakuulizia, panda ndege, naye akajibu nipe siku mbili, kama mtu anayeomba amalize kufua nguo.

"Hiyo ni laini," Mama anasema. "Usitupe."

Analirudisha jani. Siku ya pili Baba akafa, na gama hakuipata, anga lilikuwa kimya, wakaandika kwamba pengine chanzo ni kizito mno, gama humezwa humohumo zinamozaliwa na nyutrino peke yake ndiyo huponyoka, ripoti ya kurasa mbili, jina lake la tatu, jamani, jina la tatu... kinachomshikilia wiki hizi tatu tangu mazishi ni neno moja la Gathogo, kwamba mzee alienda na amani, alikuwa akisema Njoki amefika, na yeye analala nalo na kuamka nalo, ni homa ilimweweseza, sawa, lakini angalau hakufa akingoja, Mungu amsamehe kwa kuishukuru homa...

"Iko kitu sijakuambia," Mama anasema polepole, karani wa mizani asisikie. "Baba yako alitaka kuwatemea mate."

Kuwabariki, mate kidogo viganjani mwa kila mtoto, kama wazee wa zamani, na yeye mzee wa kanisa, mchungaji angekunja uso...

"Gathogo akapata yake. Halafu akauliza, Mama amefika?" Mama, ndivyo alivyomwita Njoki maisha yote, kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa Baba. "Macho ilikuwa imeisha. Mimi nikasema amefika. Nikampa mikono yangu, nikanyamaza. Akashika, akashika sana, ndio akatema. Akasema, Mama, kazi yako ibarikiwe, usiiache."

Kumbe si homa, kumbe...

"Nilidanganya mtu akikufa, Njoki. Na hiyo baraka niko nayo na si yangu. Wewe umesoma. Unafikiri alijua?"

Njoki anaitazama mikono iliyo juu ya majani, nyufa za vidole zimejaa utomvu wa chai, weusi usiotoka kwa sabuni, kidole gumba kimepinda, mikono ambayo Baba aliishika miaka arobaini na moja, kanisani, shambani, wakivuka mto Gura mvua ikinyesha, angeitambua katikati ya mia, hakuhitaji macho, na yake Njoki ni laini, ya kubonyeza kompyuta... Baba alishika sana, alikuwa akipapasa, alipapasa mpaka akajua ni nani yuko pale na ni nani hayupo, kisha akatema hivyo hivyo... basi alikufa akijua kuwa hakuja, lile neno lililomlaza wiki tatu limeondoka, na kuondoka kwake kunauma kuliko kaburi lenyewe lilivyouma, angeweza kusema hakujua, abaki nalo, nusu ya moyo wake inataka hivyo, inataka sana, na Mama ameacha kuchambua, anangoja.

"Alijua, Mama," anasema. "Hukumdanganya. Alijua sijakuja."