Shamba Lisilotajwa Jina

Sauti ile iliingia tena kwenye masafa ya redio ya kiwanda cha sukari, nzito kama ya mtu aliyefunika mdomo kwa leso. Matrekta mawili ya kubeba miwa yakaitii, yakaacha njia yaliyopangiwa. Awinja, mwendesha redio, alihisi macho ya Osiako yakimchoma kisogo.

"Mama Tevin, hii orodha ya mashamba unajua wewe peke yako," alisema Osiako, mkuu wa usalama, aliyezoea kuuliza akiwa na jibu mfukoni. "Haya masafa ni ya leseni. Kama si wewe unampanga huyo mtu, niambie ni nani. Ama leo ni mwisho wako hapa."

Hasira zilimpanda Awinja. Tangu asubuhi alikuwa akimshuku Wekesa wa mizani, ambaye siku hizi hamwangalii usoni. Hata mpika chai hakuepuka shaka yake. Kiwanda kizima kilikuwa kinanusana.

Redio ikakoroma, sauti ile ikarudi. "Trekta ya Isaiah, enda kwa Shitanda. Ya Tyson, kwa Chepng'etich. Ya Wekesa mdogo, ingia pale... pale kwa kisima, nyuma ya kanisa."

Kwa kisima ni kwa Nekoye, mama yake Awinja, ambaye miwa yake ilikuwa ikikauka ikingoja zamu. Eneo zima la Kabras hupaita kwa Nekoye.

"Rudia," Awinja alisema. "Shamba la nani?"

"La kwa kisima."

"Taja mwenye shamba!"

Sauti ikajibu kwa unyonge: "Nimesema kwa kisima."

Awinja alimjua mwanamume mmoja ambaye, hata wakigombana, husema "mama yako" tu, na akimwona mama huyo njiani hujitosa kwenye miwa kumpisha.

Osiako alivuta kiti. "Mimi pia nimeoa huku," alisema polepole. "Jina la mama mkwe ni mwiko, halinitokangi mdomoni, hata unishikie panga. Huyo Nekoye ako na wakwe wangapi?"

Awinja alikumbuka chai ya kila asubuhi, na mumewe Shikanga akimuuliza kwa upole, "Leo matrekta yanaanzia wapi, mama?" Naye alimweleza yote, akifurahi kwamba amepata mume anayejali kazi yake. Aliona aibu.

"Mmoja tu," alisema. "Na mashamba nilimtajia mimi."