Kitunguu Kisichonuka

Fnyuu. Kimya. Fnyuu tena.

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, akatega sikio. Sauti ilitoka nyuma ya jiko. Si paka, paka hanusi kwa hasira hivyo.

Akachungulia dirishani. Mama mkwe wake, aliyepikia shule ya bweni miaka thelathini, alikuwa amepiga magoti bustanini, jani amelibana puani, macho ameyafumba kama anayetafuta jina la mtu.

Bustani ile ilikuwa roho yake. Nyanya zilisimama miguuni mwa waridi, na kwenye tuta la mbele vitunguu majani vilichanganyika na maua meupe yanayochipua baada ya mvua, ambayo majani yake hayaliwi. Yote majani membamba, marefu. Mgeni angebabaika, lakini mama alijigamba kwamba yeye hahitaji macho: jani la kitunguu linanuka, la ua halinuki.

Hata hivyo, jana wote watatu, mama, fundi na mumewe, walitapika baada ya chakula cha mchana. Mume akalaumu samaki. Baadaye akageuza lugha, akasema labda wameanza kulishwa mapambo, basi kesho anang'oa kila ua. Mama hakugusa chai.

Lakini fundi hakuwa amekula samaki. Alikula viazi, juu vimenyunyiziwa majani mabichi kutoka tuta lile. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kichwani tangu asubuhi kama sindano iliyopotea kwenye nguo.

Akatoka, akachuchumaa kando ya mama. Alichuma jani la kitunguu na jani la ua, akayavunja. La kwanza lilimchoma pua hadi machozi yakamlenga; la pili halikunuka kitu. Akampa mama yote mawili. Mama akanusa moja, akanusa la pili, akabaki ameyashika, asijue lipi ni lipi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu yale mafua." Alisema polepole. "Mpishi asiye na pua, mwanangu, ni wa nini? Mumeo akijua atanikalisha kitini kama picha."

Fundi akayachukua majani mkononi mwake. Mumewe naye alitapika, kumficha haikuwezekana.

"Nitamwambia leo," akasema. "Lakini ua hata moja haling'olewi. Utachuma wewe, na kila jani nitalinusa mimi kabla halijaingia jikoni. Nakuahidi, mama."