Mtani Aliyenyamaza

Kazi yangu ni kusoma mita za maji Kilwa Masoko. Mbwa wa mji huu wote wananijua kwa sura, wawili wananijua kwa ladha ya mguu wangu. Kila siku saa saba mchana nakaa kwenye kivuli cha tangi na kuandika Fesibuku aya tatu nne za niliyoyaona nyuma ya nyumba za watu, bila kutaja nyumba. Miezi mitatu ya kwanza nilisomwa na watu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa mke wangu Justa, naye alisoma kuhakikisha simtaji. Sikuacha. Mtu aliyefukuzwa kazi mara mbili na kuozewa na tenga zima la samaki hatishwi na wasomaji kumi na mmoja.

Kati yao alikuwemo Yasini wa Miteja. Aliniuliza ukoo wangu, tukahesabu, tukakuta babu yake na babu yangu walikuwa watani. Ikawa balaa. Kila nilichoandika, Yasini yuko chini yake: "Leo haina chumvi." "Erasmo, hii umeandikiwa na mbwa." Siku moja akatangaza nimekufa, watu wakanitumia pole mimi mwenyewe. Nami nilimrudishia. Watu wakaanza kuja kuangalia ule ugomvi, wakafika mia, wakafika elfu tano.

Maoni yakawa mengi, nayajibu huku nimeinamia mita ya mtu. Siku ya mia moja sabini na tatu tangu nianze, Yasini akaandika: "Mama katutoka alfajiri. Tunazika saa kumi." Nikacheka. Huyu kaniua mimi, sasa kaingia kwao. Nikamjibu: "Watu wa Miteja kwa kutafuta ubwabwa hamjambo." Nikaenda nyumba inayofuata.

Kesho yake hakuandika kitu. Keshokutwa vilevile. Sifa zilimiminika, "umetisha kaka", nikawa nazipita mbio kama mtu anayetafuta funguo kwenye mchanga. Chakula nakula na simu. Nikasoma mita moja mara mbili na nyingine nikairuka.

"Una watu elfu tano, unamtafuta mmoja?" Justa akasema.

"Huyo mmoja ndiye hunisema."

"Mimi ninayekusema humu ndani je?"

"Wewe hujawahi kunyamaza nikakukosa."

Siku ya thelathini na nane ya ukimya ule nikarudi kwenye chapisho lile, nikalisoma mpaka mwisho. Chini ya jibu langu watu wa kwao walikuwa wameandika: "Innalillahi." "Pole Yasini, Bi Kijakazi alikuwa mama yetu sote." Ilikuwa kweli. Kutania msibani si kosa, mtani huchekesha mpaka wafiwa washike mbavu. Lakini huwa yupo. Huchimba, hubeba, hulala matangani. Mimi nilitania nikaendelea na mita.

Nikaomba ruhusa kazini. Kesho yake, arobaini ya marehemu, nikashuka Miteja kabla ya adhuhuri. Yasini alikuwa anapasua kuni, mwembamba kuliko picha yake. Nikajitaja.

"Karibu, ndugu," akasema, akarudi kwenye shoka lake.

Ndugu. Bora angenipiga kwa gogo.

Nikaenda jikoni uani, nikawaambia akina mama "shikamooni", nikauchukua mwiko wa sufuria kubwa nikaukalia.

"Nani huyu?" akauliza bibi mmoja.

"Mtani wenu. Bi Kijakazi kaondoka bila kuniaga. Hapa hakiliwi kitu mpaka nielezwe."

Bibi akanitazama kwa makini. "Ndiye yule wa mita?"

"Ndiye," Yasini akajibu mlangoni.

"Kumbe ana mguu mbovu hivi. Marehemu dada yangu alikuwa akimsema kila siku baada ya kuswali adhuhuri."

Nikamgeukia Yasini. Akatazama chini. "Macho yake yalikuwa yamekwisha. Mimi nilikuwa namsomea, yeye anasema, mimi naandika. Mimi kutania sijui."

"Ile ya mbwa?"

"Alicheka mpaka akapaliwa."

"Rudisha mwiko, wali unaungua," bibi akasema.

"Siurudishi. Alisema nini mara ya mwisho?"

Yasini akalishusha shoka. "Alisema umeanza kujipenda. Niliona vibaya kukuandikia."

Nikaurudisha mwiko.

Kutwa nzima nilisugua masufuria na kuteka maji, wanawake wakinicheka mguu. Saa saba ilipofika mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Nikauosha kwa majivu. Ukaenda tena, nikaupa sufuria nyingine. Siku mia mbili na kumi na moja sikuwahi kuruka hata moja. Hiyo niliruka, na kila simu ilipotetemeka nilihisi wasomaji wakiondoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. Yasini alinipa chakula bila kuniita ndugu, na bila kuniita mtani.

Kesho yake saa saba niliandika chini ya tangi. Wengi waliuliza nilikuwa wapi. Mia kadhaa walikuwa wameondoka kweli. Nikaburuza maoni, nikaburuza, nikafika chini kabisa.

Yasini alikuwa ameandika: "Leo haikuwa nzuri sana, nadhani."

Mtani gani anasema nadhani?

Nikamjibu: "Rudia."